Fundo la Sita

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta tukishusha maboksi kutoka kwenye gari la mahakama. Mawili tu, yamelainika kwa unyevu, moja limeliwa pembeni na mchwa. Ndani kuna vipande vya shuka vilivyochanwa na kufungwa mafundo.

Nilikuwa darasa la pili wakati wanawake watano waliponyongwa kwa vipande hivyo. Kila mmoja aliishi peke yake kwenye chumba cha kupanga, na kila mmoja alikufa wakati wa mvua. Mvua ikipiga mabati, hata ukilia jirani hasikii. Milango haikuvunjwa, ndiyo maana watu walipoanza kunong'ona walimnong'ona fundi wa makufuli na funguo, ambaye mtaani walimwita Kufuli tu. Alifungwa maisha na akafia gerezani. Sasa binti yake ameshinda ombi lake: vielelezo vyote vipimwe upya, kwa vinasaba.

Kabla sijavaa glavu nilimwambia Mkuu wa maabara, "Aliyeipeleleza kesi hii ni baba yangu."

"Najua. Mji mzima unajua," akasema. "Lakini vitu vya zamani hivi mnaviweza wawili tu hapa. Wewe utapima, na Shangazi atapima nyuma yako bila kuona majibu yako."

Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale kazini. Ni mzee kuliko sisi sote na anatugombeza kama ndugu, jina likamganda.

Nyumbani Baba alikuwa ameshasikia redioni. "Pimeni, Mama," aliniambia. Mimi nina jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita Mama. "Pimeni mpaka mchoke. Mtamkuta mle mle nilimomkuta mimi."

Alhamisi, 7 Machi

Binti wa Kufuli amekuja kutoa sampuli. Ni fundi cherehani, kifuani alikuwa bado na pini alizozisahau. Baba yake alizikwa makaburi ya gereza na hakuna anayejua ni lipi, kwa hiyo tutamjua Kufuli kupitia kwake. Nilimpangusa shavu kwa ndani kwa pamba.

"Wewe ni mtoto wa Afande," alisema nilipokuwa nafunga kichupa.

"Ndiyo."

"Wamekuweka wewe?"

"Kuna mwenzangu anayepima peke yake. Hatuonyeshani."

Alinitazama hadi nikaona aibu, na sikujua naona aibu ya nini. "Sisi tulihama mitaa mitatu," akasema. "Kila tulipofika, baada ya muda jina lilitufuata. Wakwe zangu walipojua nilirudishwa kwetu na mtoto mgongoni. Sikuombi unionee huruma. Fungua macho tu."

Jumanne, 12 Machi

Mvua kutwa. Fundo la kwanza halina kitu. Ukungu umekula kila kilichokuwamo.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike kazi hii ilivyo, maana nje ya maabara siruhusiwi kumwambia mtu.

Daktari wa wakati ule alikuwa mwangalifu. Hakufungua mafundo, aliukata mkanda wa shuka upande wa pili wa shingo na kuliacha fundo kama muuaji alivyoliacha. Nje ya kitambaa kuna mikono ya kila mtu: askari, makarani, mawakili, maana enzi hizo hakuna aliyevaa glavu. Ndani ya fundo ni kwingine. Pale kitambaa kinapojikunja na kubanwa panaguswa na mtu mmoja tu, yule anayelifunga. Akivuta kwa nguvu, anaacha ngozi yake humo na kuifungia mwenyewe.

Leo nimelilegeza fundo la pili kwa koleo ndogo. Lilikuwa gumu kama mbegu. Ndani nimekuta unywele mrefu, wa mwanamke, umenaswa humo tangu siku ile. Nikaweka koleo chini, nikaenda kusimama dirishani. Mvua ilikuwa inapiga bati la banda la jenereta. Nilijikuta nasikiliza kama kuna sauti chini yake.

Jumatatu, 18 Machi

La tatu na la tano yameharibika, tumepata vumbi na mchanganyiko wa watu usiosomeka. Lakini la pili na la nne yamesema, na yamesema kitu kimoja: mwanaume mmoja, yule yule.

Si Kufuli. Hawezi kuwa baba wa yule fundi cherehani hata kidogo. Shangazi amepata vile vile. Tumelitafuta jina lake kwenye kumbukumbu zote tulizo nazo, hayumo. Kwa mashine yetu ni mtu mzima mwenye kila kitu isipokuwa jina.

Nilipofika nyumbani Baba alikuwa barazani anamsimulia jirani, kwa mara ya ngapi sijui, alivyolifungua sanduku la vifaa la Kufuli na kukuta, katikati ya tupa na funguo, kipande cha shuka ya yule mwanamke wa tano kimefungwa fundo tayari. Kipande hicho ndicho kilichomtia Kufuli hatiani. Jirani alitikisa kichwa kwa heshima. Nilimwonea Baba huruma. Nilidhani alikosea kama watu wanavyokosea.

Ijumaa, 22 Machi

Leo yametoka majibu ya kipande cha kwenye sanduku. Shangazi anakiita fundo la sita.

Saa nne Mkuu aliniita. Nilimkuta Shangazi ameshakaa, mikono ameibana mapajani. Nilijua kuna msiba, ila sikujua wa nani.

"Kaa, mwanangu," Shangazi akasema. Hajawahi kuniita hivyo.

Mkuu alieleza taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kwenye kompyuta yetu kuna vinasaba vya wafanyakazi wote, ili mmoja wetu akichafua sampuli ijulikane mara moja. Majibu ya fundo la sita yalipoingizwa, kompyuta ilipiga kengele kwenye jina langu.

"Nimelichafua?" nikauliza. Nilitamani iwe hivyo.

"Siyo wewe," Shangazi akasema. "Ni mwanaume. Ila kila tunapotazama, nusu ya ulichonacho wewe na yeye anayo. Hakuna panaporuka, pasipolingana."

Hiyo ni hesabu ninayowafundisha wanafunzi wa mafunzo kila mwaka. Kaka anaweza kuruka hapa na pale. Mjomba anaruka. Asiyeruka hata mahali pamoja ni mzazi au mtoto, na wakati ule mimi mwenyewe nilikuwa mtoto.

"Mle ndani kabisa?" nikauliza.

"Ndani kabisa. Kufuli hayumo. Yule mtu wa fundo la pili na la nne naye hayumo."

Mkuu alisema kuanzia sasa niko nje ya kesi hii, na kwamba vipande vitapelekwa kwenye maabara nyingine wapime wao. Alisema pia, akiangalia meza, kwamba wakili wa serikali huenda akadai Afande alikishika tu kile kitambaa kazini. "Na Afande mwenyewe akisema hivyo, wapo watakaomwamini."

Shangazi alinisindikiza getini kwa mwavuli wake.

Jumamosi, 23 Machi

Maji yanavuja kwenye kona ya veranda. Baba amepanda kiti akafunga turubai kwa kamba. Nilisimama chini nikimshikia kiti, na macho yangu hayakutoka kwenye vidole vyake. Alipitisha kamba, akairudisha, akavuta. Nimekua nikiona vidole hivyo vikifunga viatu vyangu vya shule.

Mafundo matatu hayakusema kitu. La kwanza, la tatu, la tano. Nimekaa na jambo hilo kutwa nzima. Sitaki kuliandika zaidi ya hivi.

"Mbona umeniganda hivyo?" aliniuliza aliposhuka.

"Naogopa usianguke."

Jumatano, 27 Machi

Sikula naye. Nimesingizia tumbo.

Alhamisi, 28 Machi

Nimempigia kaka yangu. Nilimweleza kwa sauti ndogo, ndani ya gari, vioo vimefungwa, mvua inapiga paa.

"Sasa wewe shida yako nini?" akasema. "Mzee alikuwa kazini. Alikigusa. Kwisha habari."

"Ndani ya fundo hakuguswi, kaka. Kunafungwa."

"Hayo unayajua wewe na hao wenzako. Hakimu anajua? Nyamaza, na mwambie mzee naye aseme alikigusa. Miaka sabini na minane. Unataka afie lupango kama yule?"

"Kama yule nani? Mtaje."

Akasema nina roho ngumu na kukata simu. Ninajua hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyokua, akitambia darasani kwamba baba yake ndiye aliyeufanya mji ulale. Nami nilitamba vile vile.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemuuliza.

Ilikuwa baada ya chai ya asubuhi. Mvua ilikuwa nzito, redio haikusikika, akaizima. Nikaona nisipouliza sasa nitaanza kuishi humu ndani kama mpangaji.

"Baba, lile fundo la kwenye sanduku la Kufuli, nani alilifunga?"

Hakushtuka. Aligeuza kikombe kwenye kisahani mpaka mkono wa kikombe ukatazama ukutani.

"Mmeweza kuona na hilo," akasema.

"Tumeweza."

"Kuna chai imebaki?"

Nikammiminia.

"Wewe ulikuwa mdogo," alianza. "Hukuona wanaume walivyokuwa wanakesha milangoni na marungu. Hukumwona mama wa yule wa tano. Alikuja kituoni na kanga ya mwanawe, akaitandika mezani kwangu, akaniambia, hii ifue wewe. Mkubwa wangu ananipigia asubuhi, ananipigia jioni. Na Kufuli ndiye aliyetengeneza makufuli ya watatu kati ya wale watano. Jioni hana wa kumshuhudia alipokuwa. Nikimuuliza, anatazama chini. Nilikuwa na kila kitu, Mama, isipokuwa kitu chenyewe."

"Ukakitengeneza."

"Shuka ya yule wa tano ilikuwa bado kitandani kwake. Nilichana kipande, nikafunga nilivyoona wengine wamefungwa. Tulipokwenda kwa Kufuli nikakitia sandukuni mwake wakati wenzangu wanapekua uvunguni." Alikunywa chai. "Nilijua ni yeye. Mimi niliusaidia ukweli kidogo tu. Na yakakoma. Mvua iliyofuata hakufa mtu. Iliyofuata, hakufa mtu. Ungekuwa wewe ungesemaje?"

Hapo niliona kwamba hajui kuwa Kufuli hakuua. Kwa majuma mawili nilikuwa nimemwogopa kama muuaji, na yeye alikuwa amekaa mbele yangu akingoja nimwambie amefanya vizuri. Sijui nilichosikia kifuani ni unafuu au uchungu.

"Baba. Wanawake wawili, wa pili na wa nne. Ndani ya mafundo yao kuna mwanaume mmoja. Si Kufuli. Si wewe."

"Nani?"

"Hatumjui."

"Mmetafuta?"

"Hayumo popote."

Alikiweka kikombe chini kwa uangalifu sana. Nimemwona Baba akizika mke, akizika ndugu zake wawili, na sijawahi kuona uso wake ukifanya vile. Ulizeeka nikiutazama.

"Basi alikuwepo," akasema. "Siku namtoa Kufuli na pingu, barabara nzima ilijaa watu. Walinipigia makofi." Alifuta meza kwa kiganja. "Alikuwepo. Labda na yeye alipiga."

Kisha akainuka, akaenda kuujaribu mlango wa nyuma kama umefungwa. Asubuhi ile, peupe.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemwambia Mkuu yote aliyosema Baba. Ameandika, nimetia sahihi. Kaka hapokei simu zangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Baba hatoki barazani tena. Jirani amekuja kumuulizia, amesema anaumwa mgongo.

Jumapili, 14 Aprili

Anawakumbuka. Nikipita sebuleni ananisimamisha: "Kulikuwa na mpaka rangi mmoja, alipaka nyumba ya yule wa kwanza. Nilimuuliza maswali mawili nikamwacha." Baadaye: "Mwenye nyumba wa yule wa nne. Alikuwa na funguo za akiba za vyumba vyote. Sikumgusa kwa sababu alikuwa anatupa chai." Jikoni akanifuata: "Yule dereva wa gari la wagonjwa alihama mwaka ule ule. Kwa nini alihama?"

"Sijui, Baba."

"Ningeuliza tu. Ilikuwa kazi yangu kuuliza."

Na mimi nimeambukizwa. Benki juzi nilisimama nyuma ya babu mmoja msafi, amekunja shati vizuri, na nilichokiona ni mikono yake tu. Aligeuka akanisalimia. Nikashindwa hata kumpa shikamoo. Nilitamani kumwomba kijiko alichokorogea chai asubuhi, nikakipime.

Ijumaa, 19 Aprili

Bado mvua.

Alhamisi, 25 Aprili

Maabara nyingine imethibitisha yote: mwanaume asiyejulikana kwenye la pili na la nne, Baba kwenye la sita.

Niliporudi nilimkuta amevaa koti lake la kazi la zamani, linampwaya. "Nipeleke kwa wakili wa yule binti," akasema. Nilimkumbusha, kwa sababu ilikuwa haki yake kukumbushwa, kwamba anaweza kusema alikigusa tu kile kitambaa, na kwamba kaka anataka aseme hivyo.

"Nikisema hivyo," akajibu, "watarudi kusema Kufuli bado anashukiwa, na huyo mwingine hakuna atakayemtafuta. Nimemficha vya kutosha."

Alitoa maelezo mchana kutwa. Nilikaa kwenye benchi la nje. Polisi walikuja mwishoni, wapole, mmoja akimwita mzee wangu kila sentensi. Atashtakiwa. Kwa umri wake wamemwachia arudi nyumbani kwa dhamana.

Alhamisi, 9 Mei

Hukumu. Jaji amesema Kufuli hakuwa na hatia, na maneno yenyewe hayakuchukua muda hata wa kukohoa. Binti yake alikuwa mstari wa mbele, na kijana wake mkubwa kando. Hakulia. Alikunja leso ikawa ndogo, akaikunja tena.

Nje kwenye ukumbi alikuja moja kwa moja alipokaa Baba. Kaka yangu, ambaye alikuja bila kunisalimia, alisimama katikati yao. Baba akamsogeza kwa mkono.

"Ulijua kuwa si yeye?" binti akauliza.

"Sikujua."

"Ulijua kuwa ni yeye?"

Baba alitazama chini. "Nilitaka awe yeye," akasema. "Mwanangu, nisamehe."

"Hilo usiniombe leo. Leo nakuomba kingine. Haya ya humu ndani wameyasikia mawakili. Mtaani kwetu hakuna aliyeyasikia. Uje mchana, watu wakiwepo, usimame pale ulipompitisha na pingu, useme kwa kinywa chako."

"Mzee ni mgonjwa," kaka akasema.

"Nitakuja," Baba akasema.

Jumamosi, 18 Mei

Tumeenda. Mvua imekatika tangu juzi, ila matope bado, na Baba alitembea amenishika bega. Kaka alikuja nyuma yetu. Alikuwa amebeba kiti.

Ni uchochoro wa kawaida, duka la vifaa vya ujenzi, saluni, kinyozi, vyumba vya kupanga vimepangana na mabati yenye kutu. Binti wa Kufuli alikuwa ameshawaambia watu. Walisimama vibarazani, wengine hawakuwa hata wamezaliwa wakati ule, wameshika simu zao.

Baba alikataa kiti. Alisema jina kamili la Kufuli, la baba yake na la babu yake, jina ambalo sijui kama kuna aliyelitaja hapo tangu wamchukue. Alisema, "Nilimpitisha mtu huyu hapa akiwa na pingu, na hakuwa ameua mtu. Ushahidi niliutengeneza kwa mikono hii. Alikufa anasema hakuua, na alikuwa anasema kweli."

Hakuna aliyezomea. Heri wangezomea. Kinyozi alizima mashine yake. Mwanaume mmoja alitema mate pembeni na kuingia ndani. Binti wa Kufuli alisimama wima, kijana wake kando, akiwatazama majirani uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine, mpaka kila mmoja akawa amemwona.

Nilidhani tumemaliza. Kisha mlango wa chumba cha mwisho ukafunguliwa, akatoka bibi mdogo wa mwili, anatembea kwa kushika ukuta. Watu wakampisha. Baba alimtambua mara moja, nikasikia vidole vyake vikinibana bega. Ni mama wa yule wa tano. Hata wakati ule aliishi uchochoro huu; mwanawe alipokufa alihamia chumba chake, na hajatoka.

"Nimekusikia," alimwambia Baba. "Kwa hiyo aliyemuua mwanangu ni nani?"

Baba akanitazama mimi.

Bibi akanigeukia. "Wanasema wewe una mashine inayosoma watu."

"Shikamoo, bibi. Imemsoma, lakini haijui ni nani. Na fundo la mwanao lilikuwa limeharibika. Siwezi hata kukuapia kwamba ni mtu yule yule."

"Yu hai?"

"Sijui, bibi."

Alitazama uchochoro, juu mpaka chini, vibaraza vyote, kila mzee aliyekuwa amekaa. Nao wakatazamana. Niliiona shaka ikipita juu yao, kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya uwanja, nikajua ni sisi tulioileta.

"Mimi nilikuwa nalala," bibi akasema taratibu. "Miaka yote hii. Nilikuwa nasema, angalau yule amefungwa, nageukia ukutani, nalala."

Binti wa Kufuli alitoka alipokuwa, akaenda akamshika bibi mkono. Walikuwa majirani zamani, kabla ya yote. Bibi akamwacha amshike.

"Hicho kiti ni cha nani?" bibi akauliza.

Kaka akakileta. Bibi hakukikalia. Alikisukuma kwa mguu mpaka mbele ya Baba.

"Kaa," akamwambia. "Mara ile hukuniuliza kitu chochote, ulikuwa na haraka. Mimi najua nani alikuwa anakuja kwa mwanangu na nani alikuwa anamsumbua. Leo utaniuliza, na nitakujibu, na huyu binti yako atasikiliza. Anza."

Baba alikaa. Alivua kofia, akaiweka gotini, akajikohoza.

"Wiki ile ya mwisho, mama," akasema, "nani aliingia ndani kwake?"

Bibi alifumba macho afikirie. Nilichuchumaa kwenye matope kando ya kiti, nisikie vizuri.